Swichi Uliyoificha Nyuma ya Nambari

Shemeji Swaleh,

Barua ya mtu wa kwetu huanza kwa kuulizana hali, watoto hawajambo, wazee hawajambo, na sisi huku twashukuru. Mimi hali yako sikuulizi. Aliyekuchukua ndiye aijuaye, na yangu utaisoma humu humu. Nimekaa bandani kwetu Makadara, juu ya lile sanduku la betri ulilokuwa ukikalia wewe, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulikalia tangu tulipokuzika. Nilikuwa naliheshimu. Wallahi nilikuwa nalipangusa vumbi kila asubuhi kama kiti cha kadhi! Leo nimelikalia kwa makusudi, na miguu nimeipandisha juu ya meza yako.

Nina hasira na wewe, yakhe. Naisema mapema usije ukadhani nimekuja kulia. Kulia nilishalia. Siku ile homa ilipokuondoa nililia mpaka dadangu Zuhura, mkeo, aliyefiwa na mume, akawa yeye ndiye wa kuninyamazisha mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu. Akaniambia, "Kassim, jikaze, watu wanakutazama." Nikamwambia waache watazame, hawajui nimepoteza nini. Na kumbe mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Wakumbuka siku tulipolijaribu lile yowe mara ya kwanza? Vita vilikuwa vimeanza kutubana, petroli kwa kipande cha mgao, tairi hata ukisoma dua hupati, na mtu akiliacha gari lake barabarani mchana kweupe alikuta limekalishwa juu ya mawe. Ukachukua honi ya lori bovu, ukaiunga na betri, ukatia kibonye kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Mlango ukifunguliwa, kibonye chafyatuka na honi yalia mpaka mwenye gari aizime kwa swichi yake ya siri. Tulipoifungulia moto, mbuzi wa jirani alikata kamba akatokomea, na yule bibi wa nyumba ya pili akatoka na mwiko mkononi, akatuapiza sisi na vizazi vyetu. Tulicheka tukakaa chini vumbini. Ukasema, "Hili ndilo yowe, shemeji. Mwizi akilishika gari, gari lenyewe lapiga yowe." Mji mzima ukalichukua jina hilo. Matajiri wa Kizingo, maajenti wa Mbaraki, wenye teksi, kila mtu akataka gari lake litiwe yowe na Fundi Swaleh na shemejiye.

Ukaweka na sheria ya banda. "Afungaye hapimi, apimaye hachungulii." Ati siri ya swichi wajue wawili tu, wewe uliyeifunga na mwenye gari, ili siku gari likiibwa mimi nisishukiwe. Nikaona, lo, shemeji ananilinda! Basi wewe hufunga nyaya peke yako, mlango wa banda umeshindikwa, kisha waniita. Mimi nafungua mlango wa kulia, yowe. Mlango wa kushoto, yowe. Boneti, yowe. Nalitikisa gari, nayapiga magurudumu mateke, nalipanda juu ya kikanyagio. Halafu wasema, "Geuka," nami nageuka uso ukutani kama mtoto anayecheza mchezo wa kujificha, wewe unalizima. Miaka yote ile nimeutazama ule ukuta, Swaleh. Naujua kila ufa wake. Na nilikuwa najivuna kwa kugeuka! Nikiwaambia watu barazani, sisi ni mafundi waaminifu, mimi mwenyewe sijui swichi iko wapi.

Sasa nikwambie yaliyotokea.

Ulikuwa na miezi miwili kaburini gari la yule daktari wa Kizingo lilipotoweka. Adhuhuri, daktari amelala, dereva wake Yohana yuko jikoni anakula. Gari lilikuwa mbele ya nyumba, limefungwa, yowe limewekwa. Halikulia. Jioni lilikutwa Mbaraki, halina tairi hata moja, lakini halikukwaruzwa wala nyaya hazikukatwa. Yohana unamjua, yule Mtaita mrefu, mpole, aliyekuwa akituletea gari lile kila mwezi tulikague, na kila akija anavua kofia mlangoni kama anaingia msikitini. Wakamkamata yeye. Inspekta wa polisi angemkamata nani mwingine? Swichi anaijua daktari, na daktari alimwonyesha dereva wake, basi.

Wakaniita kituoni nilipime yowe. Nilivaa kanzu safi, Swaleh. Nilitaka wajue sisi ni watu. Nikafungua milango mbele ya Inspekta na karani wake, yowe likalia hata askari aliyekuwa akisinzia akaangusha kofia. Nikapima tena, likalia. Mara ya tatu, likalia. Inspekta akaniuliza kama kuna njia yoyote gari hilo lingeweza kufunguliwa kimya na mtu asiyeijua swichi. Nikasema, hakuna. Nikasema kwa sauti, na Yohana amesimama pale pale na pingu mkononi. Nikasema, "Bwana, yowe hili alilifunga marehemu Fundi Swaleh kwa mkono wake. Haliwezi kukosea." Karani akaandika, mimi nikatia sahihi. Nilirudi nyumbani nimetuna kifua, nikampitia Zuhura nyumbani kwake Kuze nikamhadithia jinsi nilivyolinyanyua jina lako mbele ya Wazungu. Akafurahi, maskini. Amekaa ndani na eda yake, hatoki, haoni mtu, habari zako ndizo zilizokuwa chakula chake.

Yohana akapelekwa gerezani Ngomeni kungoja kesi.

Wiki haijesha akaja mkewe, Wakesho. Alisimama hapo mlangoni, hakutaka kukaa. Nikadhani amekuja kunitukana, nikawa nimeshajiandaa kumjibu, unanijua nilivyo. Hakutukana. Aliniuliza swali moja tu. "Fundi, ulipolipima gari lile, ulilipima kama fundi au kama mwizi?" Kisha akaenda zake.

Ah! Swali gani hilo la kumuuliza mtu asubuhi? Nilikasirika siku nzima. Nilimtupia spana paka. Lakini lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu jibu lake nilikuwa nalijua. Sisi kazi yetu yote tulipima kama yowe litalia. Hatukupima hata siku moja kama laweza kunyamazishwa. Tulifungua milango kama wenye magari, basi.

Nikarudi kituoni nikamwomba Inspekta ruhusa. Akanipa, kwa kuchoka tu. Nikachukua kile kitaa chako cha kupimia, globu ndogo na nyaya mbili, nikaanzia kwenye betri. Waya mmoja kwenye bodi ya gari, mwingine kwenye waya wa moto, kitaa kikawaka. Fyuzi, kikawaka. Kibonye cha mlango, kikawaka. Honi, kikawaka. Kila kitu salama. Basi nikatandika gunia, nikaingia chini ya gari chali, mahali uliponikataza kuingia, najiona kama ninayechungulia uchi wa mtu. Nikaufuata waya wa honi kwa vidole. Badala ya kwenda mbele tu, pana tawi linarudi nyuma. Limebanwa juu ya fremu, limefungwa utepe mweusi, na kila baada ya shubiri limekazwa kwa uzi wa nta.

Uzi wa nta, Swaleh. Babako alikuwa mshona makubadhi, na fundo lile la kukunja mara mbili na kupitisha chini, fundi gani mwingine wa umeme hapa mjini analifunga? Nilipolishika nilijua kabla sijafika mwisho. Tawi liliishia nyuma ya bamba la nambari. Kibonye kidogo, hakizidi kifungo cha shati. Nikakisukuma ndani. Nikatoka, nikafungua mlango wa dereva.

Kimya.

Nikafungua wa pili, na boneti, nikalitikisa gari zima kama mwendawazimu. Kimya! Nikakivuta kibonye, nikafungua mlango, yowe likalia vizuri kabisa, kama vile halijawahi kumkosea mtu. Ndivyo ilivyokuwa. Mwizi akisukuma anaondoka na gari, akimaliza anavuta, na fundi mjinga aje avae kanzu aseme mashine ni nzima.

Sikumwambia Inspekta siku ile. Nisamehe... La, futa hilo, sikuombi msamaha wewe. Sikumwambia kwa sababu tulifundishwa chuo cha Kurani tumtafutie ndugu yetu udhuru sabini kabla ya kumdhania ubaya, na mimi nilikuwa nakutafutia. Nikasema labda daktari mwenyewe alitaka swichi ya pili. Nikasema labda ni kwa dharura, funguo zikipotea. Nikazunguka mji mzima nikijidai nakagua magari bure kwa ajili ya roho yako, watu wakiniombea dua! Teksi ya Makupa, ninapapasa nyuma ya nambari, kipo. Gari la yule ajenti wa Mbaraki, kipo. Gari la mwenye duka la nguo, mtu aliyekusaidia mpaka sanda, kipo. Hakuna gari ulilolifunga lisilokuwa nacho. Na kila nikikipata najitia kukohoa ili mwenye gari asiuone uso wangu.

Hata hapo bado nilikuwa na udhuru wangu mmoja nimeukumbatia. Nikasema, aliweka, lakini hakumwambia mtu. Ulikuwa utundu wa ufundi tu, ulitaka kuona kama utaweza.

Udhuru huo aliuua yule muuza tairi wa Makupa. Unamjua, alikuwa mbele kabisa kubeba jeneza lako, akilia kwa sauti. Alikuja bandani Jumatano asubuhi, akaniamkia vizuri, akaketi, akauliza, "Haya magari unayoyafunga sasa, kile kitu unakitia wapi? Kule kule?" Nikamtazama. Akacheka, akanipiga bega. Akadhani namtania. Alidhani najua, Swaleh! Alidhani siku zote nilikuwa najua, kwamba mimi na wewe ni kitu kimoja. Nikamuuliza, kwani marehemu alikuwa akikwambiaje? Akasema, "Alikuwa akisema tajiri hafi kwa tairi nne."

Kweli. Tajiri hafi. Daktari amepata tairi nyingine na amepata dereva mwingine. Tajiri hakufa, mwenzangu, aliyefungwa ni Yohana. Na Mzee Bakari je, dereva wa yule ajenti, aliyefukuzwa kazi mwaka juzi tairi zilipoibwa? Ukaniambia, "Mzee amesahau kuliweka yowe, uzee huo." Ukampelekea halua nyumbani kwake! Mimi ndiye niliyeibeba ile sahani. Ukakaa naye mkekani ukampa pole, ukamshika mkono, nami nikajisemea moyoni, hapana mtu mwenye huruma kama shemeji yangu. Uliwezaje kuila ile halua pamoja naye? Nijibu hilo tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema watu, lakini wewe hukuwa nguoni mwangu, ulikuwa kwenye sahani yangu, umekaa na dadangu, unawalea wapwa zangu.

Nikaenda Kuze. Kesi ya Yohana ilikuwa Jumamosi. Nilimweleza Zuhura kila kitu, polepole, nimeinamisha kichwa, maana sikuweza kumtazama. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nina hakika, nikamtolea kibonye nilichokuwa nimeking'oa kwa siri kwenye gari la mwenye duka, na fundo lako bado liko juu yake. Alilishika fundo muda mrefu. Akasema, "Ngoja nitoke eda, Kassim. Zimebaki siku kumi na tisa. Usiniletee aibu hii nikiwa siwezi hata kufungua mlango nikawatazama watu." Ndivyo alivyoniomba. Dadangu hajaniomba kitu tangu tulipokuwa wadogo. Nikamwambia Yohana hana siku kumi na tisa. Akasema maiti hufichiwa aibu yake. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanigeuzia uso.

Na kusema kweli alikuwa na haki. Pale kaburini walipouliza, mwamshuhudia vipi marehemu, ni nani aliyejibu wa kwanza, kabla ya imamu hajamaliza? Mimi. Nikapaza sauti, "Mtu wa kheri!" Watu wote wakanifuata. Sasa mimi huyo huyo niende kortini niseme kinyume chake, mbele ya wale wale. Nilitembea kutoka Kuze mpaka Makadara nimevaa viatu vya kushoto na kulia vimebadilishana, sikujua mpaka nilipojikwaa.

Nilikwenda, Swaleh. Nilisimama kortini nikasema ushahidi wangu wa kwanza ulikuwa wa uongo bila mimi kujua, na sasa najua. Hakimu hakuelewa maneno ya waya na fyuzi, nikamwomba atoke uani. Gari lilikuwa limeletwa, limekokotwa. Nikafungua mlango, yowe likalia, mawakili wakaziba masikio. Nikapiga magoti nyuma ya gari, nikasukuma kibonye, nikafungua mlango ule ule. Halikulia. Kisha hakimu akauliza ni nani aliyekifunga. Nikalitaja jina lako, na jina la babako, ili pasiwe na Swaleh mwingine atakayedhaniwa. Nilitetemeka midomo. Uliwahi kunicheka kwamba midomo yangu hutetemeka nikikasirika, lakini siku ile sikuwa na hasira, nilikuwa nimechoka tu.

Nikamtaja na yule muuza tairi, askari wakaenda kwake wakakuta mbili za daktari bado hajaziuza. Yohana akatoka Ngomeni siku ile ile.

Vibonye vyote nimeving'oa. Nilikwenda kwa kila mwenye gari, nikamwambia kwa mdomo wangu, nikalala chini ya gari nikang'oa. Wengine walinishukuru. Wengine walinitazama tu, na najua wanasema nini nikishatoka. Nazi mbovu harabu ya nzima. Zuhura ametoka eda juzi. Ananiletea chakula bado, anamtuma jirani, kimefunikwa vizuri, lakini salamu haimo. Wanao wananiita mjomba kama kawaida. Hawajui, na hawatajua kwangu. Wakiniuliza babao alikuwa fundi wa namna gani, nitasema alikuwa fundi hodari kuliko wote, maana hilo ni kweli, na ndilo linaloniuma.

Nikaona kimebaki kitu kimoja. Haki ya mja haifutwi na toba, haifutwi mpaka mwenye haki aifute mwenyewe. Nilikuwa nimekuchukia, lakini sikutaka ulale na ya Yohana shingoni. Basi nikaenda Majengo anakokaa. Nilimkuta uani anamenya viazi, na mkewe yuko mlangoni. Nikamwomba radhi kwa niaba yako. Nilisema, marehemu ni mume wa dadangu, alikukosea, msamehe kwa ajili ya Mungu.

Aliweka kisu chini. Akasema, "Marehemu nimemsamehe, Fundi. Ana kesi kubwa kuliko yangu huko aliko." Nikashukuru, nikanyoosha mkono. Hakuupokea. Akasema, "Lakini wewe ulinitazama machoni na pingu zangu mkononi, ukasema haliwezi kukosea. Hukuniuliza hata, Yohana, wewe waonaje? Wewe bado." Akachukua kisu, akaendelea na viazi vyake.

Hata msamaha umenitangulia kuupata, shemeji. Siku zote ulikuwa wa mbele.

Nakuaga. Sala zangu utazipata kila Ijumaa, hizo sikunyimi, maana dadangu alikupenda na mimi nilikupenda zaidi, na ndiyo maana siwezi kukusamehe upesi. Naahidi sitakusema kwa mtu asiyeniuliza, wala sitakusifu tena kwa mtu yeyote. Na Majengo nitakwenda kila Jumapili anapotoka kanisani, anifungulie asinifungulie, mpaka aseme neno. Jumapili iliyopita nilikwenda, hakufungua. Wewe pumzika. Mwizi amesamehewa, na mimi niliyekuwa mwaminifu ndiye ninayepiga hodi.

Kassim